Nahama Leeds kwenda Hull, kampuni ya intaneti na TV inataka pauni 676 nivunje mkataba. Nina haki ya kukataa?

MwanaMoro, Leeds, 14 Januari 2026

Habari zenu ndugu zangu. Naomba msaada wa wale wanaoielewa mikataba ya hapa Uingereza.

Nakaa Harehills, nyumba ya kupanga. Mwenye nyumba ameiuza, ametupa notisi, funguo narudisha Februari 20. Kazi nimeshapata Hull, kwenye nyumba ya kutunza wazee, naanza tarehe 23. Mengine yote yako sawa isipokuwa intaneti na TV. Niko na kampuni moja kubwa, jina nalihifadhi. Nalipa pauni 52 kwa mwezi: 38 ni intaneti na simu ya mezani, 14 ni king'amuzi, maana watoto bila katuni zao Jumamosi mimi sipati usingizi baada ya zamu ya usiku.

Juzi nikawapigia kuwaambia nahama. Yule binti akaingiza postikodi ya Hull, kimya kidogo, akasema samahani hatuna huduma huko. Nikadhani basi, tumeagana vizuri. Kumbe! Akaendelea kwamba mkataba umebakiza miezi 13, hivyo nidaiwe pauni 676 "za kutoka mapema". Nikamuuliza, nyie ndio hamfiki Hull, faini iwe yangu? Akajibu kwamba anayehama ni mimi, wao hawajahama.

Huo mkataba wenyewe nao una historia. Wa kwanza ulikuwa wa miezi 18, ukaisha nikaendelea nao hivyo hivyo. Februari mwaka jana kijana mmoja akanipigia niko kwenye basi natoka kazini, akasema ananishushia bei kutoka 59 hadi 52. Nikamwambia asante. Sasa naambiwa ile "asante" ilikuwa miezi 24!

Maswali yangu: hii ada ni halali? Nikikataa kulipa watanifanya nini? Na je, deni kama hili linagusa viza? Niko kwenye viza ya kazi ya afya na uangalizi, sitaki kuchezea kitu. Pia wakala wa nyumba Hull amesema atakagua historia yangu ya mikopo.

Dulla_Luton

Dada usijitese. Fungua programu ya benki, futa dairekti debiti, yale makato wanayojichukulia kila mwezi, hama zako Hull, badili namba ya simu. Wana wateja mamilioni hao, hawawezi kukufuatilia kwa pauni mia sita. Nyumbani hela ikiisha king'amuzi kinakata picha na biashara imeisha, hakuna anayekudai miezi ambayo hujaangalia. Huku ni wizi wenye barua nzuri.

BabaNasra, Gateshead

MwanaMoro, shikamoo kama umenizidi, marahaba kama nimekuzidi, maana humu hatuonani sura. Kwanza usiguse hiyo dairekti debiti. Dulla mdogo wangu, kuhusu barua nzuri sikupingi, lakini hayo mengine unamtafutia mwenzio balaa, nitayarudia.

Kabla ya kushika usukani wa basi, nilikaa miaka kadhaa kwenye simu za kampuni moja ya mawasiliano kule Sunderland. Kitengo changu kilikuwa kile unachohamishiwa ukitamka tu kwamba unataka kuondoka. Tulilipwa kwa kuhesabu wangapi walibadili mawazo. Kwa hiyo nakwambia kitu ambacho mtu wa upande huu wa simu hakioni: tarakimu unayotajiwa mara ya kwanza mara nyingi si hesabu ya ada. Ni kitisho. Anayekuhudumia ana dakika chache, anaangalia bili yako, anazidisha kwa miezi iliyobaki, anakutupia. Wateja wengi wakiisikia wanasema basi nabaki, na yeye anaandika ushindi kwenye karatasi yake.

Angalia 676 yako. Ni 52 mara 13. Yaani bili nzima, TV ndani, bila kupunguziwa hata senti. Hapo ndipo pananuka. Ofcom, mdhibiti wa mawasiliano, ana mwongozo unaosema wazi kwamba ada ya kutoka mapema haitakiwi kuzidi kile kilichobaki kulipwa, na kampuni inatakiwa itoe humo gharama ambazo yenyewe haitazitumia tena ukishaondoka. Ukiondoka hailipii tena matumizi ya waya wako, hailipii chaneli zako, haipokei simu zako za malalamiko. Haiwezi kukudai kana kwamba bado unahudumiwa. Mzizi wake ni Sheria ya Haki za Watumiaji ya 2015, ile inayosema sharti lisilo la haki kwenye mkataba halimfungi mteja. Ndiyo maana kampuni nyingi kubwa zina jedwali: kila kifurushi kina kiasi chake kwa kila mwezi uliobaki, na kiasi hicho ni kidogo kuliko bili ya mwezi.

Na si maneno ya kwenye karatasi tu. Novemba 2018 Ofcom ilizipiga faini kampuni za EE na Virgin Media siku moja, EE pauni milioni 6.3, Virgin Media milioni 7, kwa sababu ya kuwatoza wateja kupita kiasi walipotoka kabla ya muda. Wateja wa Virgin Media waliozidishiwa walikuwa karibu 82,000. Tangu hapo kila kampuni inajua mwiba uko wapi.

Sasa kazi yako ya leo. Ingia kwenye barua pepe, nenda Februari 2025, tafuta waraka unaoitwa Contract Summary. Tangu Juni 2022 hawaruhusiwi kukufunga kwenye mkataba bila kukupa huo muhtasari kwa maandishi. Ni karatasi chache, usisome matangazo ya mwanzoni, shuka moja kwa moja panapoelezwa muda wa mkataba na namna ya kuuvunja. Pale lazima waeleze ukitoka mapema unatozwa nini. Halafu angalia TV imeandikiwa muda gani, peke yake. Watu wanadhani kifurushi ni kitu kimoja kwa sababu bili ni moja, kumbe mara nyingi intaneti ina miezi yake na TV ina yake. Nimewahi kuona mtu anadaiwa miezi ya TV ambayo muda wake ulishakwisha zamani.

Kama huo muhtasari hukuupata kabisa, niambie, maana hapo mazungumzo yanabadilika.

Kuhusu Hull. Nasikitika kukwambia kwamba hakuna sheria ya jumla hapa inayokuachia bure kwa sababu tu kampuni haifiki unakohamia. Shemeji yangu yuko Hamburg, wao wana bahati: tangu Desemba 2021 sheria ya Ujerumani inamruhusu anayehamia pasipofikiwa na huduma kutoka kwa notisi ya mwezi mmoja. Huku inategemea masharti ya kampuni yako. Wapo wanaosamehe wahamaji, wapo wasiosamehe. Kwa hiyo soma pia kipengele cha kuhama kwenye masharti yao marefu. Andika "moving home" kwenye kisanduku cha kutafutia, usisome kurasa zote utazeeka.

Na hiyo Hull si ajabu kwamba hawafiki. Ule mji simu zake ziliendeshwa na halmashauri yenyewe tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, haukuingia kwenye mtandao wa taifa kama miji mingine. Ukifika utaona vibanda vya simu vya rangi ya krimu badala ya vyekundu. Waliorithi ni kampuni ya KCOM, na kampuni nyingi zinazopita kwenye nyaya za Openreach, zile za karibu nchi nzima, hazina njia ya kuingia. Faiba ipo karibu kila mlango, intaneti hutakosa, ila si kutoka kwa hao wako.

Viza: hilo ni deni la kampuni binafsi. Si deni la NHS, yaani hospitali za serikali, si la Home Office, wizara ya uhamiaji, si kodi. Hayo ndiyo yanayoulizwa kwenye mambo ya uhamiaji. Usipoteze usingizi hapo. Pa kukosa usingizi ni pale kwa wakala wa nyumba, na hapo namrudia Dulla.

Ukifuta dairekti debiti, kampuni haikwambii "sawa umetoka". Kompyuta inasoma kwamba hujalipa. Wanakata huduma, wanavunja mkataba wao wenyewe, wanakuandikia ada yote kwa bei yao, na hapo jedwali hutaliona. Kisha deni linapelekwa kwa wakusanya madeni, na alama ya kushindwa kulipa inakaa kwenye rekodi yako ya mikopo miaka sita. Miaka sita, Dulla! Kwa mtu anayetafuta nyumba mwezi ujao.

BiAsha_Leicester

Baba Nasra Mungu akuzidishie. Naongeza mawili ya haraka. Mwanangu alipotoka nyumba ya wanafunzi hapa Leicester, aliyebaki ndani alikubali mkataba uhamie jina lake, kampuni ikabadilisha mwenye akaunti na hakulipa ada yoyote. Ila MwanaMoro umesema nyumba imeuzwa, labda mnunuzi anataka intaneti? Kuuliza si ujinga.

La pili, kuna ile bei nafuu ya intaneti kwa wanaopokea Universal Credit, ule msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo. Kampuni nyingi ukiwa mteja wao tayari wanakuhamishia bila kukutoza ada ya kuvunja mkataba. Na je, barua ya kupanda bei Aprili hujaletewa? Nasikia ukiipata una siku 30 za kutoka bure.

MwanaMoro

Asanteni sana jamani. Bi Asha, Universal Credit kwa viza yangu hairuhusiwi, ni fedha za umma. Mnunuzi wa nyumba ni kampuni, wanabomoa jiko na bafu, hawataki chochote. Barua ya Aprili bado sijaiona. Nikitoka kazini usiku natafuta huo muhtasari.

Baba Nasra, shikamoo. Nimeona jina lako nikajua una mtoto mkubwa.

BabaNasra

Marahaba. Nasra yuko chuo, ananifundisha kutumia hili jukwaa.

Bi Asha, la kuhamisha jina ni zuri sana na watu hawalijui, ila linategemea kampuni na lazima huduma ibaki kwenye anwani ileile. La Aprili linahitaji maelezo, kwa sababu kila mwaka msimu huu watu wanasambaziana kwenye WhatsApp kwamba bei ikipanda unatoka bure. Si hivyo.

Haki ipo: kampuni ikibadilisha masharti katikati ya mkataba kwa namna inayokuumiza, inatakiwa ikupe taarifa mwezi mmoja kabla na wewe unaweza kutoka bila ada. Lakini kama ongezeko lilishaandikwa kwenye mkataba tangu siku ya kwanza, hilo si badiliko, ndio mkataba wenyewe. Zamani waliandika kwa mafumbo: mfumuko wa bei jumlisha asilimia kadhaa, wewe ukae ukisubiri takwimu za serikali ujue utalipa ngapi. Ofcom ikakataza hiyo kwa mikataba mipya kuanzia Januari 17, 2025. Sasa lazima waandike kwa pauni na senti, na itaanza mwezi gani. Wa MwanaMoro ni wa Februari 2025, umeangukia upande mpya. Kwa hiyo MwanaMoro, ukiona wamekuandikia itapanda pauni kadhaa Aprili, na barua ikija inasema kiasi hichohicho, mlango huo umefungwa. Ikija na kiasi kikubwa zaidi, au wakipandisha TV ambayo hawakuitaja, mlango umefunguka, na kwa kuwa ulinunua kwa pamoja unaweza kuondoka na kifurushi kizima.

Mkenya_MK

Wasee, naingilia kidogo. Mimi niko Milton Keynes na nilitoka bila kulipa hata peni, lakini njia yangu ilikuwa spidi. Kwa contract yangu waliniandikia kiwango cha chini walichohakikisha, megabiti 40. Jioni nikipima napata 11, 12, watoto wanalia, Zoom ya kanisa inaganda pasta akiwa ameinua mkono. Nikawapigia nikaripoti, nikaandika tarehe. Kampuni zilizosaini ule utaratibu wa spidi wa Ofcom zina siku 30 za kurekebisha, wakishindwa unaenda zako bila ada, na TV uliyonunua pamoja na net inaenda nayo. Walituma fundi, akabadilisha soketi, hakuna kilichobadilika. Nikaondoka.

Sasa MwanaMoro, net yako Leeds iko namna gani? Kama ni mbovu, pima leo.

MwanaMoro

Kaka Mkenya, yangu haina shida hata kidogo. Ningekuwa nawasingizia.

Nimepata muhtasari! Ulikuwa kwenye barua taka, umetumwa Februari 18 mwaka jana. Naandika kama ulivyo. Intaneti na simu: pauni 38, muda miezi 24 kuanzia Februari 18, 2025. Itapanda pauni 3 kuanzia Aprili 2026. Kutoka mapema: pauni 21.50 kwa kila mwezi uliobaki. TV: pauni 14, mwezi kwa mwezi, notisi siku 30.

Baba Nasra nimesoma mara mbili. TV haina mkataba kabisa! Na ile ya intaneti ni 21.50, si 38. Nikipiga 21.50 mara 13 napata 279.50. Wao walisema 676!

Ila pia inaonekana kweli nilifungwa miezi 24.

BabaNasra

Umeona sasa. Pauni mia nne zilikuwa zinatoka mfukoni mwako kwa sababu binti wa watu alizidisha bili.

Na hata hizo 279.50 zinashuka. Mwezi unahesabiwa kutoka siku huduma inapokoma, si siku uliyopiga simu. Funguo unarudisha Februari 20. Waambie huduma ikome Februari 18, mwaka mmoja kamili tangu ilipoanza, wanabaki na miezi 12. Ni pauni 258. Siku mbili za mwisho tumia data ya simu. Lakini notisi uitoe leo au kesho, usipitishe, maana TV inadai siku 30 na inawezekana intaneti nayo.

Kuhusu kufungwa miezi 24, una njia mbili na nitakuambia ningechagua ipi. Njia ya kwanza ni kuupinga mkataba wote. Sheria inasema mkataba wa intaneti au simu hauanzi kukubana mpaka uwe umepewa muhtasari, na kama haikuwezekana kukupa kabla, basi mpaka uupate na ukubali baada ya kuupata. Wewe ulisema asante kwenye basi, muhtasari ukaingia kwenye barua taka. Je, uliletewa kabla ya simu au baada? Ulibonyeza mahali kukubali? Jibu liko kwenye rekodi ya ile simu. Una haki ya kuiomba kama taarifa zako binafsi, bure, na wana mwezi mmoja kukujibu. Andika tu kwamba unaomba rekodi zote za simu za Februari 2025 na tarehe na saa muhtasari ulipotumwa. Nakuhakikishia kitengo cha malalamiko hakipendi kusikiliza rekodi za vijana wetu wa mauzo. Nilikuwepo, najua tulivyokuwa tunapita juu ya neno miezi.

Lakini watakujibu kwamba umelipa hiyo bei ya chini karibu mwaka bila kulalamika, na zile siku 14 za kughairi mkataba uliofanywa kwa simu zilipita kitambo. Hoja hiyo ina nguvu. Kwa hiyo mimi ningepigania tarakimu kwanza, ile iliyo kwenye karatasi yao wenyewe, haina mjadala. Rekodi uiombe hata hivyo, kwenye barua hiyohiyo. Ukija kusikia neno 24 halikutamkwa, unakuwa na la kuwauliza zaidi.

Usipige simu tena. Andika, kwenye fomu ya malalamiko, neno "complaint" lionekane juu kabisa, kwa sababu neno hilo linawasha saa. Sema: nahama, hamna huduma Hull, nakata intaneti na TV Februari 18, muhtasari wenu unasema 21.50 kwa mwezi na TV haina muda, afisa wenu aliniambia 676, nataka hesabu kwa maandishi ikionyesha ilivyopatikana. Ambatisha muhtasari. Ikipita wiki nane hawajatatua (kwa malalamiko ya kuanzia Aprili 8, 2026 ni wiki sita), au wakikupa barua kwamba hawana zaidi la kusema, unapeleka kwa msuluhishi. Ni ama Communications Ombudsman ama CISAS, kutegemea kampuni yako imejiunga na upi, na wewe hulipi kitu. Ofcom yenyewe haisuluhishi kesi ya mtu mmoja mmoja, usipoteze muda kuwaandikia ukitarajia warudishe hela. Citizens Advice, shirika la ushauri wa bure, wanasaidia kuandika kama Kiingereza cha barua kinakusumbua.

Kitu kingine. Kuna ule mfumo wa One Touch Switch tangu Septemba 2024, kampuni mpya inakuhamisha bila wewe kuongea na ya zamani, na kabla ya kukubali unaonyeshwa ada ya kutoka kwa maandishi. Mzuri sana, lakini ni kwa anayebaki nyumba ileile, na TV haimo. Usije ukadhani ukijiunga Hull basi Leeds imejikata yenyewe. Kuna watu wanalipa mbili miezi na miezi hawajui.

Dulla_Luton

Haya mzee, nimekubali kwa hili. Lakini 258 kwa kitu usichotumia bado ni wizi, mdogo kidogo tu.

BabaNasra

Hapo sikupingi sana. Alipata punguzo la pauni 7 kila mwezi kwa kukubali kukaa, mwaka mzima ni 84. Wao wanadai zaidi ya mara tatu ya hiyo. Ndiyo maana nasema mkataba wa miezi 24 ni wa mtu mwenye nyumba yake, si wetu tunaopanga nyumba ambazo wenyewe wanaziuza wakati wowote. Hull wakikupa wa mwezi kwa mwezi hata kwa pauni 5 zaidi, piga hesabu kabla ya kuukataa. Na ukichukua mkataba, uliza kama wanalipia ada ya kutoka ya kampuni ya zamani. Zipo kampuni zinazofanya hivyo kuvuta wateja, kwa kiwango fulani, ukiwapelekea bili ya mwisho. Lazima uulize kabla ya kusaini, baada ya hapo hawakujui.

MwanaMoro, 29 Januari 2026

Wapendwa narudi na jibu. Niliandika kama Baba Nasra alivyonielekeza, nikaambatisha. Siku chache kimya, kisha barua pepe ya mwanamke mmoja mpole kuliko yule wa kwanza. Anasema "makadirio" niliyopewa kwa simu hayakuwa sahihi, ada ni pauni 258, TV inakoma Februari 18 bila ada, wanaomba radhi. Pia wananipunguzia pauni 20 kwa usumbufu, hilo sikuliomba.

Rekodi ya simu bado, mwezi wao haujaisha.

Hull nimeongea na kampuni mbili. Moja haina mkataba, pauni 33, nimeichukua. Haina TV, nitawanunulia watoto antena, BBC wana katuni za bure, leseni ya TV tayari nalipa. Wakala amekagua rekodi yangu na nyumba amenipa.

Swali la mwisho: ruta na king'amuzi nawarudishiaje?

BabaNasra

Leseni ya TV kumbuka kuibadilisha anwani, ni bure, unafanya mtandaoni.

Vifaa: watakutumia mfuko au lebo ya posta baada ya huduma kukoma. Wewe unaondoka tarehe 20, kwa hiyo waandikie leo watume anwani ya Hull, la sivyo mfuko utafika Harehills kwa mafundi wanaobomoa jiko. Weka ruta, waya wake wa umeme, king'amuzi na rimoti, kila kitu, maana wanatoza kifaa kimoja kimoja. Piga picha namba zilizo mgongoni. Peleka posta dirishani upewe risiti, usitumbukize tu kwenye sanduku, na hiyo risiti ikae mpaka uone bili ya mwisho imesoma sifuri.

Na dairekti debiti bado usiifute. Bili ya mwisho itakuja Machi, ina 258 kutoa 20, kutoa siku za Februari ulizolipa mbele. Ikishatoka na hesabu ukaikubali, ndipo ufute.

Hiyo rekodi ikija, ituletee tuisikie.